Mnyororo wa Kushoto

Kitsao alikiri kabla hajaulizwa, na hilo ndilo lililomkosesha utulivu Inspekta Salem Badawi.

Wauaji aliopata kuwakamata walianza kwa kukana. Walikana hata damu ingali mbichi kwenye nguo. Kitsao yeye alikutwa Jumamosi asubuhi ameketi ukingoni mwa timbo la Mjambere, pale yanapochimbwa mawe ya kujengea, mikono juu ya magoti, akiwangoja polisi. Chini ya mteremko gari la minyororo lilikuwa limelala ubavu. Chini ya gari alikuwamo Masha, rafiki yake tangu vita vya Bama, amekwisha kufa.

"Nimemuua mimi," Kitsao alisema. "Nitieni pingu."

Akatiwa.

Gari lenyewe watu wa Kisauni waliliita Kobe. Lilikuwa gari dogo la vita, wazi juu, ubavuni limezungushiwa mabamba ya chuma, likitambaa kwa minyororo miwili badala ya magurudumu ya mpira. Vitani lilibeba askari wachache na bunduki yao ya bombomu, imiminayo risasi mfululizo, likipita kwenye matope ambako lori lilizama. Vita vilipokwisha jeshi likayauza magari hayo kwa mnada, na Bwana Ishaka Hamdun, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye mashamba ng'ambo ya Kisauni, akanunua moja la kung'olea visiki vya minazi. Dereva akawa Kitsao, aliyeliendesha gari kama hilo alipokuwa keya, askari wa Mwingereza, akipigana na Wajapani huko Bama.

Mwaka huu wa sitini na mbili Bwana Ishaka alikuwa amepata kazi nyingine kwa Kobe. Kwenye shamba lake la Ziwa la Ng'ombe walikaa watu kwa ruhusa ya marehemu baba yake, ruhusa ya mdomo, na sasa alilitaka shamba lake tupu. Kobe angeziangusha nyumba hizo Jumatatu. Ya kwanza njiani ilikuwa nyumba ya Masha.

Alhamisi marafiki hao wawili waligombana mangweni, mbele ya wanywa tembo wote. Masha alimwita mwenzake msaliti. Kitsao akajibu, "Simama mbele ya Kobe uone kama sitapita juu yako." Mashahidi walikuwa tele. Mkubwa wa Salem alisema kesi imejimaliza yenyewe, akataka Kitsao afikishwe kwa hakimu Jumatatu.

Jumapili asubuhi Salem alimtoa Kitsao mahabusu, akamketisha mbele ya meza. Koplo Karisa alisimama mlangoni.

"Nieleze tena."

"Nimekwisha kueleza, Bwana Inspekta."

"Nieleze tena, taratibu."

Kitsao alikuwa mtu mrefu, mvi zimeanza kumshika masikioni. Alisema akiitazama sakafu. "Alfajiri nilikuwa nalipeleka gari Ziwa la Ng'ombe. Masha akatokea njiani. Akasimama mbele. Nikampitia. Gari likateleza, likaingia timboni."

"Na wewe?"

"Niliruka."

"Upande gani?"

Kitsao alisita. "Upande wangu. Kulia."

"Kiti cha dereva kiko kulia?"

"Ndiyo."

"Na gari limelalia upande gani?"

Kitsao aliutazama mkono wake wa kulia.

"Limelalia kulia, Kitsao. Nililiona kwa macho yangu. Uliruka upande linakoangukia, ukatoka bila hata mkwaruzo wa kiwiko?"

"Mungu alinihifadhi."

"Unajua adhabu ya kuua mtu?"

"Kamba."

"Na bado wataka niandike hivi?"

"Andika, Bwana Inspekta. Nitatia kidole."

Salem alifunga kalamu yake. "Mrudishe," alimwambia Karisa. "Kisha leta funguo za Land Rover."

Kobe alikuwa amekwisha inuliwa kwa minyororo ya winchi ili mwili utolewe, akaachwa wima chini ya timbo, bamba lake la kulia limebonyea. Salem hakuliendea gari. Alianza juu, njiani, akiinama kila hatua chache kama mtu aliyeangusha pete.

"Daktari alisema nini jana?" aliuliza.

"Kifua kimepondwa, afande. Uzito umekuja kwa ubavuni."

"Na miguu?"

"Miguu mizima. Haina hata jeraha."

"Mbele ya Kobe inamfika mtu wapi?"

Karisa alilitazama gari kule chini, akajipima kwa kiganja. "Kiunoni hivi."

"Mtu akigongwa na chuma cha kimo hicho huvunjika nini kwanza?"

Karisa alijigusa paja. Alikuwa kijana wa Kigiriama aliyependa kuwahi jibu, lakini safari hii jibu halikumpendeza. "Mapaja," alisema hatimaye. "Basi hakugongwa."

"Hakugongwa. Alikuwa ndani."

Njia ilitoka kwenye kibanda cha makuti alikolala Kobe, ikaenda tambarare hatua chache, kisha ikashuka kandokando ya timbo, timbo likiwa mkono wa kulia, hadi kwenye shimo la zamani lililojaa maji. Haikuelekea Ziwa la Ng'ombe hata kidogo. Ziwa la Ng'ombe lilikuwa nyuma yao. Salem alimwonyesha Karisa jambo hilo kwa kidole tu, bila kusema.

Pale mteremko ulipoanza, mnyororo wa kushoto ulilala chini wote, umenyooka mchangani. Kutoka hapo alama zilibadilika. Upande wa kulia mnyororo uliobaki ulikuwa umechimba ardhi kama plau. Upande wa kushoto palikuwa na mikwaruzo miepesi ya vigurudumu vya chuma ambavyo mnyororo huvizunguka, na hapana kingine.

"Mnyororo umetoka hapa," Salem alisema. "Dereva akashtuka, akakanyaga breki. Breki za gari hili hushika minyororo. Kushoto hapana mnyororo wa kushikwa, basi zikashika kulia peke yake, gari likazunguka kuelekea kulia, likaingia timboni. Mtu anayetaka kuua hakanyagi breki namna hii."

"Mnyororo wa chuma kizito hivi umekatika wenyewe?"

Salem alipiga magoti kwenye ncha ya mnyororo. Pingili zake zilishikanishwa kwa pini za chuma, kila moja urefu wa shubiri. Hakuna pingili iliyovunjika. Ncha mbili zilikuwa zimeachana tu, na tundu la pingili ya mwisho lilijaa grisi. Alichomoa kisu, akakwangua. Kilichotoka hakikuwa chuma. Kilikuwa kijiti kilichosagika, cheupe ndani, gome limechongwa vizuri, kimepakwa grisi nje kisionekane.

"Mti," Karisa alisema.

"Mpera. Mtu ametoa pini ya chuma akatia ya mti." Salem alikifunga kijiti kwenye leso. "Karisa, kwenye kapu la Kitsao jana tulikuta nini?"

"Tumbako, kisu... hapana, afande, kulikuwa na kipande cha chuma pia. Nilidhani msumari wa dau."

"Hukukosea kuudhania. Ulikosea kuuacha."

Walirudi hadi kibandani. Ndani, kwenye ukuta wa makuti, palikuwa na jozi ya makatambuga, vile viatu vya kukatwa kwenye tairi, vimewekwa pamoja, visigino ukutani. Karisa alisema aliviona jana, akavihesabu kuwa vya kibarua mmojawapo.

"Vibarua hawakuja Jumamosi," Salem alisema, akaviokota.

Alipotoka alimkuta Bwana Ishaka Hamdun anashuka kwenye gari lake, kanzu nyeupe, bakora mkononi.

"Shikamoo, mzee Ishaka."

"Marahaba, mwanangu. Babako hajambo?" Hakungoja jibu. "Kwani lipi lililobaki? Mtu si amekubali mwenyewe?"

"Amekubali. Nani mwengine ajuaye kuliendesha gari hili?"

"Hapana. Mimi nalijaribu mara moja, likanipeleka kwenye mnazi. Halimtii mtu ila Kitsao."

"Jana alfajiri ulikuwa wapi, mzee?"

Ishaka alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka kidogo bila furaha. "Msikitini. Muulize imamu."

"Nimekwisha muuliza."

"Basi waniuliza nini?"

"Nakuuliza kuhusu Ijumaa. Kitsao alikuja kwako. Watumishi wako wamemwona."

Mzee alikaza mkono kwenye bakora. "Alikuja, wallahi. Aliniomba nyumba zile niziache mpaka mahindi yavunwe. Mtu mzima yule, alikaa chini kwenye saruji ya baraza yangu. Nami nikamwambia shamba ni langu, na asipoendesha yeye nitatafuta mwengine." Akalitazama gari kule chini. "Ningempa huo muda, haya yote yasingekuwa. Lakini mtu hawezi kujua."

"Bado waweza kuwapa."

"Nimekwisha agiza trekta Changamwe. Laja Jumatano." Alisema hivyo huku akigeuka, na Salem aliona kwamba hakupenda kusikia sauti yake mwenyewe ikisema.

Nyumbani kwa Masha, Ziwa la Ng'ombe, wanawake walikuwa wameketi chini kwenye uwanja uliofagiwa. Mwili ulikuwa umeletwa kutoka hospitali asubuhi ile, na mazishi yalipangwa alasiri. Nyevu, mkewe Masha, alitoka nje akiwa amejifunga leso kifuani na nyingine kichwani. Salem alimpa pole. Kisha akamwonyesha viatu.

Nyevu alivichukua, akavigeuza, akapitisha kidole kwenye ukanda ulioshonwa kwa waya. "Waya huu nilitia mimi. Vilikuwa wapi?"

"Kibandani kwa Kobe. Mama, Masha alijua kuendesha gari lile?"

Mjane alimtazama Karisa, kama anayetaka kujua kama swali hilo ni mtego. Karisa akasema naye kwa Kigiriama, pole pole. Nyevu akajibu kwa Kiswahili.

"Bama walikuwa gari moja. Kitsao akiendesha, Masha ubavuni mwake na bunduki. Kitsao akishikwa na homa, Masha ndiye aliyeshika usukani. Alifundishwa na Kitsao. Watu hapa hawajui, maana waliporudi Masha hakupenda kuongea habari za vita."

"Jumamosi alitoka saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo. Nilimuuliza waenda wapi. Akasema, anakwenda kulizamisha lile lichuma kwenye maji ya timbo. Nikamwambia utafungwa. Akasema, nikifungwa nyumba itakuwa imesimama, na Kitsao atakuwa hana tena cha kuendesha. Atarudi kuwa mtu." Alishika viatu kifuani. "Sikuwaambia jana kwa sababu mngemwita mwizi. Na kwanza alikuja kwenu kituoni, mwezi uliopita. Mkamwambia mambo ya ardhi si ya polisi."

Ni Salem aliyemwambia Masha maneno hayo, akiwa amesimama kaunta, akili yake iko kwenye kesi nyingine. Alimkumbuka sasa, kofia mkononi, akishukuru kabla ya kuondoka.

"Nipe viatu hivi kwa saa chache," alisema. "Nitavirudisha mwenyewe."

Kituoni aliomba kapu la Kitsao, akatoa kile kipande cha chuma, akakiweka juu ya meza. Pembeni akafungua leso yenye kijiti kilichosagika. Kitsao alipoletwa, alivitazama vyote viwili, uso wake haukubadilika.

"Pini ya mnyororo wa kushoto," Salem alisema. "Na hii uliyoichonga badala yake. Uliifanya lini?"

"Sijui hayo."

Salem akainama chini ya meza, akatoa makatambuga, akayapanga mbele yake, visigino upande wake.

Kitsao aliyatambua kabla hayajatulia mezani. 

"Vilikuwa kibandani," Salem alisema. "Mtu anayekuja kulizuia gari havui viatu kwanza, akavipanga ukutani."

"Pedali za gari lile ni ndogo." Sauti ya Kitsao ilikuwa imeshuka kabisa. "Nilimfundisha mimi. Nilimwambia, vua viatu, usikie klachi kwa wayo. Kulikuwa na mvua siku ile, na Wajapani walikuwa ng'ambo ya mto, naye alikuwa akicheka."

"Sema basi yaliyokuwa."

Kitsao alifunika uso kwa mikono yenye pingu, kisha akaiteremsha.

"Ijumaa, nilipotoka kwa Bwana Ishaka, nilikwenda kibandani. Nikagonga pini nikaitoa, nikatia ya mpera. Ya mpera hubeba hatua chache kwenye tambarare, halafu mnyororo unachomoka. Jumatatu Bwana Ishaka angekuwapo mwenyewe. Ningewasha gari, lingetoka kibandani, likae chini palepale mbele yake. Pini za gari hilo hazipatikani tena. Pale ni tambarare, Bwana Inspekta. Hapana ambaye angeumia."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Na Masha?"

"Tangu nikubali kulipeleka gari Ziwa la Ng'ombe alikuwa haitikii salamu yangu. Na mangweni aliniita msaliti, mbele ya watu. Ijumaa ile ile ningeweza kwenda kwake nikamwambia, lala, nyumba yako haitaguswa. Njia ni fupi. Nikasema, la. Wacha aone Jumatatu. Wacha aone, aje mwenyewe aniombe radhi." Alikisogeza kiatu kimoja kikae sawa na mwenzake. "Haikufika Jumatatu. Alfajiri nilisikia mlio wa Kobe. Ninaujua mlio wake. Nikajua ni Masha, maana hapana mwengine. Nikakimbia, nikimwita. Ndani ya gari lile husikii kitu. Nikamwona anaanza kuteremka."

Karisa mlangoni aligeuza uso.

"Kwa nini ukasema ulimpitia?"

"Ningesemaje? Kwamba Masha aliiba gari? Nyevu afukuzwe kama mke wa mwizi? Na kijiti nilichonga mimi, Bwana Inspekta. Kumwua nimemwua. Sikuona haja ya kubishana kuhusu namna."

Salem aliichukua ile pini, akaipima kiganjani. Alikuwa ameitatua kesi, na hakuona ni nani angefurahi.

"Nitaandika ulivyosema sasa," alisema. "Kifo ni ajali. Kuharibu gari la mtu, hilo utalijibu mahakamani, na utafungwa kidogo."

"Liache neno langu la kwanza."

"La kwanza ni uongo."

"Ni jepesi kulibeba, Bwana Inspekta."

"Najua," Salem alisema. "Simama. Karisa, mfungue pingu."

Walifika Ziwa la Ng'ombe jua likiwa limeanza kuegemea. Wanaume walikuwa wakichimba kaburi nyuma ya nyumba, na kazi ilikuwa inakwenda vibaya, kwa sababu chini ya udongo mchache kulikuwa na mawe matupu. Walipomwona Kitsao akiteremka Land Rover bila pingu, mitaimbo ilisimama hewani. Mtu mmoja aliokota jiwe. Salem akapita mbele yake, akamrudishia Nyevu viatu, akamwambia kwamba Kitsao ana jambo la kusema, na afadhali alisikie kwa kinywa cha Kitsao mwenyewe.

Kitsao alisema yote amesimama. Hakuacha kitu, alitaja pini, na mpera, na ile njia fupi ambayo Ijumaa alikataa kuipita. Alipomaliza, mtu aliyeshika jiwe alikuwa ameliacha lianguke bila yeye mwenyewe kutambua.

Nyevu alivibana viatu kifuani, akamsogelea.

"Alikuwa anakutaka urudi," alisema. "Hilo tu. Usiku wote alikuwa ananiambia habari zako. Si za nyumba, zako. Nawe ulikuwa hapo tu, shemeji. Mngesema. Mngesema tu."

"Ndiyo, mama."

"Wala sikusamehe leo."

"Ndiyo."

"Labda kesho pia sitakusamehe." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Lakini kaburi halijaisha, na hawa wamechoka, na wewe ndiye ndugu yake. Ingia."

Kitsao alimgeukia Salem. Inspekta alimtazama Karisa, akamwambia arudi kituoni na gari, awaambie kwamba mahabusu atachelewa. Kisha akavua kofia, akaenda kusimama kandoni pamoja na wanaume wengine.

Ndani ya shimo wachimbaji walitazamana. Mmoja wao, mzee aliyekuwa mangweni siku ya ugomvi, akajibana ukutani kupisha, akamnyooshea Kitsao mtaimbo wake, upande wa kushikia.